Zamu ya Kaka Yotham

Chang'ombe, Dodoma
14 Aprili 2024

Dada Zipora,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo. Mguu wa wifi yako Gladness umepona, ila bado anaukanyagia kwa heshima, na kila akipanda ngazi anataka nimwone. Elisha ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anakataa kusoma kwa sauti darasani, anasema maneno yanavuja. Bunge la bajeti limeanza, mji umejaa wageni, na pale steshenari tunatoa kopi mpaka mashine inanuka moto. Karanga umeshang'oa? Na mgongo wako unaendeleaje?

Dada, nimekaa na jambo hili wiki kadhaa. Ningeweza kupiga simu, lakini Kaka ndiye aliyeweka sheria kwamba simu ni ya misiba na ada za shule, vitabu ni vya barua. Sitaki niwe wa kwanza kuivunja.

Tangu tumzike Kaka Yotham mwezi wa pili hatujasoma kitu. Miaka kumi na tisa sisi watatu hatukuwahi kukaa miezi miwili bila kitabu kuwa njiani. Nikipita karibu na ile mashine ya kukatia karatasi najisikia vibaya. Nimezoea kuweka riwaya pale, kuikata mapande matatu, kulivika kila pande jalada la manila na kulishona, kisha mapande yaanze safari zake kati yangu, Kaka na wewe. Gladness hadi leo anasema ni ukatili kumkata mtu mgongo ili wengine wasisubiri.

Sasa nimeona riwaya mbili kwa yule muuza vitabu vya mitumba karibu na soko. Moja ni ya kutisha. Mchimba visima anachimba katika kijiji kisicho na maji, anashuka, anashuka, mpaka siku moja anasikia chini ya miguu yake watu wanakaanga vitunguu. Nyingine ni ya ulimwengu wa ajabu, malkia wa nchi ambayo mvua inatoka ardhini kwenda juu. Ina kurasa mia tano na ramani. Mimi navutwa na ya kisima, lakini najua wewe ukiona ramani huwa unalainika.

Chagua wewe. Ukiniambia, nitaikata Jumamosi.

Mdogo wako,
Denis


Gulwe
2 Juni 2024

Mdogo wangu Denis,

Marahaba. Nafurahi mguu wa Gladness umepona. Mwambie Elisha asome hivyo hivyo, na maneno yavuje, meno yatarudi. Hapa tupo. Karanga zilikuwa chache, mvua ilizidi zikaoza chini. Uwele umesimama vizuri, lakini ndege wameshauona kabla yangu, kwa hiyo nashinda shambani napiga debe. Paulina wa mchungaji amejifungua mtoto wa kiume. Mgongo ni uleule.

Barua yako ilifika wiki ileile uliyoandika. Usimlaumu mtu, ni mimi niliyeiweka.

Unaniambia nichague. Siwezi. Kabla ya kitabu cha mwisho ilikuwa zamu yangu, kitabu cha mwisho kilikuwa zamu yako, na kinachofuata ni zamu ya Kaka Yotham. Huwezi kuruka zamu ya mtu kwa sababu hayupo kuitetea.

Tena hicho cha mwisho hakijaisha. Ulituchagulia Mpangaji wa Chumba cha Nne, na wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kukisoma kwanza chote. Sisi tulisoma pande la kwanza na la pili. Kaka alipofika kwangu mwezi wa kumi na mbili, hospitali wameshamwambia arudi nyumbani, aliteremka na yale mapande mawili kwapani hata kabla ya kuulizia begi lake la nguo. Alikuwa amekonda, suruali ameifunga kwa kamba ya katani.

Unakumbuka lilipoishia pande la pili. Karani Mudrick amepanga kwenye nyumba ya vyumba sita, na mpangaji wa chumba cha nne hakuna aliyewahi kumwona. Saa saba mchana, jua linapochoma na kila mtu yuko ndani, sauti inatoka chumba cha nne na kumwita mtu kwa jina. Anayeitwa anaanza kudhoofika, na akiitwa mara ya tatu anakufa. Pande la pili linaisha Mudrick ameshaitwa mara mbili. Kaka alisoma hapo, akalifunga, akaniambia, "Mwambie Denis alete lililobaki, na asilegee."

Nilikupigia. Ulisema umempa Bartolomayo wa reli na maji yamekata njia. Ni kweli maji yalikata njia. Nasema hivyo tu.

Usininunulie kitabu chochote.

Dada yako,
Zipora


Chang'ombe, Dodoma
23 Juni 2024

Dada Zipora,

Shikamoo tena. Mpe Paulina hongera zetu. Gladness ameshona shuka dogo la mtoto, litakuja kwa njia ya kanisa. Hapa upepo umeanza, kila asubuhi tunafuta vumbi kwenye karatasi kabla ya kuziuza. Yule muuza vitabu ameniwekea riwaya zote mbili pembeni, ananiita mteja wake wa vitabu vya majini mbele za watu wazima wenye tai.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Habari ya zamu naielewa, lakini Dada, hakuna namna Kaka atachagua. Tukisema tunasubiri zamu yake tumesema hatutasoma tena, mimi na wewe, mpaka kufa. Hilo ndilo unalotaka? Niambie wazi, maana mimi nitaumia. Nina ndugu mmoja tu aliyebaki, na mazungumzo yetu yote tangu ukubwani yamekuwa ndani ya vitabu hivi. Vikiisha sijui tutaandikiana nini zaidi ya mvua na migongo.

Kama ya kisima huitaki na ya malkia huitaki, ipo ya tatu, kuhusu fundi saa anayetengeneza saa za wafu. Haina damu.

Na kuhusu Mpangaji, pande la tatu ninalo hapa, lilirudi. Ukilitaka nitakutumia. Ila naomba uniletee la kwanza na la pili, niyashone yawe kitabu kimoja tena, kama tulivyofanya kwa vingine vyote. Rafu yangu ina vitabu ishirini na sita vyenye makovu mawili mgongoni, na hicho kimoja kimeacha pengo.

Ndugu yako,
Denis


Gulwe
11 Agosti 2024

Denis,

Marahaba. Shuka la mtoto lilifika, Paulina ameshukuru sana. Uwele nimevuna magunia manne, ndege wamepata lao. Mimi mzima.

Wiki mbili zilizopita Bartolomayo alipita hapa na kikosi chake, wanakagua daraja. Nikamkaribisha uji. Nikamwambia pole, mdogo wangu alikusumbua na mzigo ule wa kitabu wakati wa mafuriko. Akaacha kunywa akanitazama. "Mama, mzigo gani? Denis sijaonana naye tangu mwaka juzi." Alisema hivyo bila kujua anasema nini, halafu akaona uso wangu, akaanza kusema labda amesahau. Yule mtu hawezi kudanganya, anatoka jasho.

Sasa unasema pande la tatu lilirudi. Lilirudi kutoka wapi, Denis, kama halikuondoka?

Nilijua tangu mwezi wa kwanza kwamba unanizunguka. Sauti yako ilikuwa nyembamba kwenye simu. Sikukuuliza wakati ule kwa sababu nilikuwa na mgonjwa mkononi, na kwenye msiba sikukuuliza kwa sababu ulikuwa unalia kuliko watoto wake. Lakini kaka yako alikuwa akisikia pikipiki inapita barabarani ananiuliza, "Ni Denis?" Kila pikipiki. Hakuomba dawa, hakuomba nyama, hakuomba kupelekwa kokote. Aliomba kitabu, na aliomba wewe.

Nakuuliza mara moja. Kwa nini?

Zipora


Chang'ombe, Dodoma
18 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Wote wazima, siandiki mengine ya nyumbani leo, nisije nikajificha humo.

Ni kweli. Sikumpa Bartolomayo kitu. Nilikudanganya, nikamdanganya na Kaka kupitia kwako.

Nilikuwa nimeshasoma pande la tatu mwezi wa kumi na moja, wakati Kaka bado ni mtu wa kikohozi tu. Nilipenda sana, nikasema huu ndio mwisho wa kutisha kuliko yote niliyowahi kusoma. Mudrick anaitwa mara ya tatu. Anaingia chumba cha nne mwenyewe, kwa miguu yake. Ndani hakuna mtu. Kuna kitanda kimetandikwa shuka zake, na viatu vyake vya mwaka uliopita vimepangwa chini. Analala. Kurasa za mwisho zote ni wapangaji wengine, wanakula mchana uani, wanaongea habari za maharage. Hakuna anayeuliza Mudrick yuko wapi. Kitabu kinaisha wanaosha vyombo.

Ukanipigia kwamba hospitali wamemrudisha. Siku hiyo hiyo nililitoa pande kwenye rafu, nikalifunga, nikaandika jina la Kaka. Mara mbili nilikwenda nalo mpaka stendi. Mara ya pili nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, Dada, nikateremka. Niliogopa asome kifo chake, na kimetoka mkononi kwangu. Mimi ndiye niliyekichagua kitabu kile.

Na sikuweza kuja mikono mitupu, maana angeniuliza, na Kaka alikuwa akikutazama huwezi kumdanganya. Kwa hiyo nikabaki hapa siku arobaini na moja. Gulwe ni mwendo wa asubuhi moja. Ndugu yangu anakufa, mimi niko Chang'ombe natoa kopi za vyeti vya watu, kwa sababu ya kurasa tisini.

Nilipokuja nilikuta mmeshamwosha.

Sijamwambia hata Gladness. Naona aibu, na naumwa na aibu hiyo. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima nitasubiri. Riwaya zile nimemwambia yule bwana aziuze.

Denis


Gulwe
29 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwa Gladness na Elisha. Huku ni ukame sasa, tunafuata maji mbali na ng'ombe wa jirani wamebaki mbavu. Anna mke wa marehemu Msafiri ameuza mbuzi wake wote. Sisi tunakula.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nililia. Kisha nikabaki na jambo langu mwenyewe, ambalo ndilo lililonifanya nisitake kitabu kingine, na ambalo nilitaka kufa nalo.

Kaka hakukosa pande la tatu. Nilimsomea.

Mwezi wa kwanza miwani yake ilivunjika, alipoikalia kitandani, na macho yalikuwa yameshaanza kufifia. Kila siku anauliza kitabu. Siku moja nikachukua kile kijitabu cha kilimo cha alizeti kilicholetwa na mabwana shamba, nikakivika manila niliyoitoa kwenye kalenda ya zamani, ingawa haikutosha jalada lote, nikaingia nacho. Nikasema, "Limefika, Kaka." Akakaa. Alikuwa hajakaa bila kusaidiwa kwa siku tano.

Nikaanza kusoma kisichokuwepo. Nilisema dada yake Mudrick amekuja kutoka kijijini na kigoda chake na ungo wa uwele, akakaa mlangoni kwa kaka yake, akawa anachambua. Saa saba sauti ikaita, "Mudrick." Yule dada akaitika yeye, "Abee." Sauti ikanyamaza, maana haikuwahi kuitikiwa na mtu ambaye haikumwita. Kesho yake ikaita tena, akaitika tena. Wapangaji wakamcheka, wakamwogopa, wakamletea chai. Hivyo kila siku baada ya uji nilimsomea kidogo, siku kumi na moja. Sikujua itaishaje. Nilikuwa nachambua uwele wangu usiku huku natafuta maneno ya kesho. Siku ya kumi na mbili Kaka alifariki, mchana.

Kwa hiyo nawe ulidanganya, nami nilidanganya, ila wewe ulidanganya kwa simu na mimi nilimdanganya mtu uso kwa uso, aliyenishika mkono. Aliniamini. Mtu anayekufa anastahili kuambiwa ukweli walau na dada yake. Ndiyo maana sikutaka kuona hilo pande la tatu la kweli, na sikutaka uniambie lilivyoisha. Umeshaniambia sasa. Bora lilibaki kwako.

Bartolomayo anakuletea pande la kwanza na la pili. Safari hii amepewa kweli. Ubashiri wa Kaka wa jinsi kitabu kitakavyoisha uko mwisho wa pande la pili, kwenye mfuko wa jalada, kama tulivyozoea, ila ameufunga kwa gundi. Sikuufungua. Sheria ni kufungua wote tukishamaliza, na mimi sijui kama tumemaliza. Fungua wewe.

Dada yako,
Zipora


Chang'ombe, Dodoma
6 Oktoba 2024

Dada Zipora,

Shikamoo, shikamoo tena. Sote wazima. Bartolomayo alileta mzigo mwenyewe mpaka mlangoni, akataka nisaini kwenye kipande cha boksi.

Nimefungua. Sio gundi, Dada. Ni uji. Kaka alibandika jalada kwa uji uliokuwa unampa. Herufi zake ni kubwa na mistari inapandana, imenichukua jioni nzima kuisoma, na nimeirudia mpaka nina hakika na kila neno. Nakutumia karatasi yenyewe humu. Nimeinakili hapa ili usihangaike na mwandiko:

"Ubashiri wa Yotham. Nilibashiri kwanza Mudrick atakufa, kwa sababu Denis hachagui vitabu vya watu kupona. Nimekata. Sasa Zipora ananisomea pande la tatu. Analishika miguu juu. Macho yangu mabovu lakini ua la alizeti naliona, na kijitabu hicho mwenye kukipokea kwa bwana shamba nilikuwa mimi. Msimwambie kwamba najua, ataacha, nami nataka kujua huyu dada atafanyaje.

Denis nadhani ameusoma mwisho na ameogopa. Tangu mtoto akivunja kikombe anajificha juu ya mti mpaka njaa imshushe. Mwambieni ashuke. Kikombe ni kikombe.

Kinachofuata ni zamu yangu. Nachagua hiki cha Zipora. Akiandike chote, Denis akate mapande matatu kama kawaida. Langu mlisome kwa sauti."

Dada, nilisoma nikaenda kusimama kwenye mashine ya kukatia karatasi, sina cha kukata, nikalia mbele ya wateja. Bwana mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ndoa alinipa leso.

Alijua yote. Wewe hukumdanganya, mlikuwa mnadanganyana kwa hiari, na yeye alikuwa anafaidi. Mimi ndiye niliyemnyima, na amenisamehe kabla sijaungama, tena kwa kunicheka. Sijui niweke wapi msamaha wa namna hiyo.

Kaka amechagua, Dada. Nasubiri kitabu.

Mdogo wako,
Denis


Gulwe
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Denis,

Marahaba. Mawingu yamekaa upande wa Kidete tangu juzi, bado hayajaamua. Mtoto wa Paulina anakaa mwenyewe sasa. Gladness nimemwekea karanga za mbegu, ndogo lakini tamu. Mwambie Elisha nimesikia meno yameota.

Karatasi ya Kaka niliiweka kwenye Biblia, nikaitoa, nikaiweka chini ya mto. Nilikuwa nacheka, Paulina akadhani nimepata homa. Miguu juu! Siku kumi na moja sikujua ua la alizeti linaning'inia kichwa chini mbele ya uso wake, naye anatikisa kichwa na kusema, "Endelea, Zipora, hapo pananitisha."

Nimekiandika. Ni madaftari matatu ya kurasa mia moja. Sikupamba. Sitampa Bartolomayo, wala dereva, wala mtu wa kanisa. Uje uyachukue mwenyewe, ukae siku mbili. Utakaa pale kitandani kwake, nawe utasoma pande lake kwa sauti.

Mwisho ulinisumbua mwezi mzima. Nilijaribu kuifukuza ile sauti, nilijaribu kuchoma nyumba, nilimleta mchungaji nikamwondoa. Kisha nikaandika ilivyokuwa kweli, siku ile ya kumi na mbili. Wewe hukuwepo na sijawahi kumwambia mtu, kwa hiyo sikiliza.

Ilikuwa saa saba. Nilikuwa mlangoni pake na kigoda na ungo wangu. Kaka akaita, "Zipora." Sauti yake ilikuwa nzuri, kama anayetaka kuniuliza jambo la kawaida, chumvi iko wapi. Nikaitika, "Abee." Hakusema alichotaka. Sikugeuka kutazama. Niliendelea kukaa pale mlangoni, nachambua uwele, mpaka jua lilipopungua.

Dada yako,
Zipora